Kumlikiza mwanapunda: Pupa ya mwezi mmoja, hasara ya miaka mingi

WAHENGA walinena kwamba fadhila ya punda ni mateke. Lakini kwa maelfu ya familia nchini zinazomtegemea mnyama huyu kuteka maji, kubeba kuni na kusafirisha mazao, fadhila za punda ni unga jikoni na karo ya watoto. Mateke aghalabu hutoka kwa binadamu, na pigo la kwanza humfika mnyama huyu hata kabla hajatimiza nusu mwaka: siku anayotenganishwa na mama yake.

Uamuzi wa lini na vipi mwanapunda aachishwe ziwa, yaani alikizwe, huonekana mdogo. Wafugaji wengi huukata kwa kutazama kalenda ya kazi badala ya kumtazama mnyama mwenyewe. Mavuno yamewadia, mkokoteni unangoja, na jike anayenyonyesha anachelewesha safari kwa kusimama kila baada ya hatua chache. Basi mtoto hufungwa nyumbani, mama akaingizwa kazini, na shughuli ikahesabiwa kuwa imekwisha.

Ukweli ni kwamba huwa ndiyo kwanza imeanza. Mwanapunda aliyeachishwa kabla ya wakati hudumaa, huandamwa na minyoo na maradhi, na akiponea chupuchupu hukua na tabia za woga au ukali zitakazomsumbua mwenyewe kwa miaka mingi. Mama naye, kwa sababu ambazo makala hii itazieleza, anaweza kufa kwa huzuni, na huo si usemi wa kishairi bali ni maelezo ya kitabibu.

KILA MWANAPUNDA NI HESABU

Katika miaka ya hivi karibuni suala hili limekuwa na uzito ambao halikuwa nao zamani. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na takriban punda milioni 1.8. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2 pekee.

Sababu kuu ya upungufu huo inajulikana. Kuanzia 2016, machinjio yaliyopewa leseni ya kuchinja punda yalianza kazi nchini, na soko kubwa la ngozi lilikuwa China, ambako ngozi hiyo huchemshwa ikatolewa gundi inayotumiwa katika dawa za kienyeji iitwayo ejiao. Kwa mujibu wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO), zaidi ya punda 300,000 walichinjwa kati ya 2016 na 2018, kasi iliyozidi mno ile ya kuzaliana kwao. Wizi wa punda ulishamiri, na wengi walioamka kukuta kamba tupu ni watu ambao hawakuwa na chombo kingine cha kazi.

Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2020, lakini mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo Mei 2021. Februari 2024, viongozi wa Muungano wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Hata hivyo, marufuku peke yake haizai punda. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, na wakati mwingine hupitisha miezi 13. Huzaa mtoto mmoja, kwani pacha ni nadra na aghalabu hawaishi. Maana yake ni kwamba hata jike aliyetunzwa vyema hawezi kuzidisha mtoto mmoja kwa mwaka, na jike anayefanya kazi ngumu huzaa kwa nadra zaidi. Mwanapunda anayekufa kwa kulikizwa vibaya ni pengo ambalo litachukua zaidi ya mwaka mzima kuzibwa, kama litazibwa.

MAZIWA YASIYONGOJA

Ili kufahamu kwa nini wakati ni muhimu, ni sharti kwanza kuyafahamu maziwa yenyewe. Maziwa ya punda ni mepesi. Yana mafuta chini ya asilimia 2, ilhali ya ng'ombe huwa na takriban asilimia 4. Badala yake yana sukari nyingi zaidi, karibu asilimia 6 hadi 7. Kadhalika, kiwele cha punda ni kidogo na hakiwezi kuhifadhi maziwa mengi kwa muda mrefu.

Kwa sababu hizo mbili, mwanapunda hanyonyi asubuhi na jioni kama ndama. Katika wiki za kwanza hunyonya kidogo kidogo mara kadhaa kila saa, mchana na usiku. Mfugaji anayemfungia nyumbani mtoto wa wiki tatu kutoka alfajiri hadi adhuhuri, akidhani atafidia jioni, humnyima chakula ambacho hakitarudi, kwa maana kiwele kilichojaa bila kukamuliwa hupunguza kutengeneza maziwa.

Mtoto huanza kudonoadonoa nyasi akiwa na umri wa siku chache tu, akimwiga mama yake. Wakati huo pia huonekana akila kinyesi cha mama, jambo ambalo huwashtua wafugaji wageni. Hilo si ugonjwa. Kwa njia hiyo hupata vijidudu vya manufaa ambavyo tumbo lake huvihitaji ili liweze kusaga majani.

Maziwa ya mama hufikia kilele katika miezi miwili ya mwanzo, kisha hupungua. Kuanzia mwezi wa tatu, maziwa pekee hayamtoshi mtoto anayekua kwa kasi, na sehemu kubwa ya lishe yake inapaswa kutoka kwenye majani. Hapa ndipo wengi hupotoka. Huona mtoto anakula nyasi, wakahitimisha kwamba hahitaji tena ziwa. Kula nyasi na kuweza kuishi kwa nyasi ni mambo mawili tofauti. Tumbo la mwanapunda wa miezi mitatu bado halijakomaa kiasi cha kusaga mabua makavu akapata nguvu za kutosha.

UMRI UNAOFAA

Wafugaji wa farasi wa mbio na wa kuuzwa, nchini na ng'ambo, wamezoea kuwaachisha watoto wa farasi ziwa wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 6. Desturi hiyo ilizaliwa na mahitaji ya biashara, wala si maumbile. Katika makundi ya farasi walioachwa huru, jike mwenyewe ndiye humkataza mwanawe, aghalabu akiwa na miezi 9 au zaidi, majuma kadhaa kabla ya kuzaa mwingine. Humkwepa, humwinamishia masikio, na taratibu mtoto huzoea bila kishindo.

Kwa punda, mashirika yanayoshughulikia ustawi wao hushauri kwamba asiachishwe kabla ya kutimiza miezi 6. Huo ndio mpaka wa chini. Mpaka wa juu hutegemea iwapo mama ana mimba nyingine.

Punda jike anaweza kupata joto tena kati ya wiki moja na mbili baada ya kuzaa. Akipandwa wakati huo na mimba ikashika, atazaa tena mwanawe wa kwanza akiwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba ndiyo ambayo kijusi hukua kwa kasi zaidi, na ndipo mwili wa mama huandaa dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito yanayomkinga mtoto dhidi ya maradhi. Jike anayenyonyesha mmoja huku akimbeba mwingine katika kipindi hicho hulazimika kugawa asichokuwa nacho.

Kwa hesabu hiyo, mwanapunda ambaye mama yake ana mimba anastahili kulikizwa kati ya mwezi wa 6 na wa 9. Kama mama hana mimba, ana mwili mzuri na hafanyi kazi nzito, hakuna sababu ya kuharakisha. Wanaweza kuachwa hadi wenyewe waachane.

Ndani ya muda huo wa miezi mitatu, mfugaji mwerevu hutazama mbingu. Mwanapunda aliyezaliwa Januari, mathalan, hutimiza miezi 6 mnamo Julai, wakati nyasi za maeneo mengi kame zimeanza kuwa haba. Kumsubirisha hadi mvua za vuli zianze kunyesha mwezi wa Oktoba kunamfikisha miezi 9, na anaachana na maziwa siku zilezile ambazo malisho yanachipuka. Katika maeneo kama Ukambani, ambako wakulima hutegemea zaidi mvua za vuli, tofauti ya wiki chache yaweza kuwa tofauti kati ya mnyama aliyenenepa na mifupa inayotembea.

Kumlikiza mwanapunda katikati ya ukame ni jambo la kuepukwa, isipokuwa pale mama mwenyewe anapokonda kiasi cha kuhatarisha maisha yake.

DALILI ZA KUTAZAMA

Umri ni mwongozo tu. Kabla ya kuamua, mfugaji anapaswa kujiuliza maswali manne.

Kwanza, je, mtoto anakula? Haitoshi aonekane ameinamisha kichwa. Atazamwe kwa siku kadhaa iwapo anatafuna majani kwa muda mrefu na kunywa maji mwenyewe. Anayenyonya mara moja tu kwa saa, au kwa nadra zaidi, na kutumia muda mwingi malishoni mbali na mama, yuko karibu kuwa tayari.

Pili, je, ana afya? Mtoto anayeharisha, anayekohoa, mwenye tumbo kubwa na manyoya yaliyosimama, au aliye na kidonda, aponywe kwanza.

Tatu, je, mama yuko katika hali gani? Mbavu zinazohesabika kwa mbali na nyonga zilizochomoza ni ishara kwamba kunyonyesha kunamla.

Nne, je, mtoto atabaki na nani? Swali hili ndilo husahauliwa zaidi, na pengine ndilo zito kuliko yote. Punda ni mnyama wa urafiki wa kudumu. Huchagua mwenzake akaambatana naye kwa miaka. Mwanapunda anayeondolewa kwa mama na kuachwa peke yake hupoteza chakula, ulinzi na mwalimu kwa siku moja.

NJIA ZA KUACHISHA

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo maarufu, ni ya kukata ghafla. Mama hupelekwa mbali au kuuzwa, mtoto akafungiwa bandani. Hulia usiku kucha, hukataa kula, hukimbia huku na huko na kujigonga. Wanaoitetea husema kelele huisha baada ya siku tatu. Ni kweli kwamba kelele huisha, lakini madhara huweza kudumu.

Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2002 katika jarida la Equine Veterinary Journal uliwafuatilia farasi wachanga 225 kwa miaka minne. Ulibaini kwamba waliolikizwa kwa kufungiwa ndani walielekea zaidi kupata tabia zisizo za kawaida, kama vile kuguguna mbao na kuzungukazunguka bandani, kuliko wale walioachishwa wakiwa malishoni. Waliopewa nafaka na vyakula vya nguvu baada ya kulikizwa nao walipata tabia ya kuuma mbao na kumeza hewa kwa kasi iliyozidi ya wenzao takriban mara nne. Punda si farasi, lakini ni ndugu wa karibu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba moyo wake ni wa jiwe.

Njia ya pili ni ya ua. Mama na mtoto hutenganishwa kwa ua imara ambao unawaruhusu kuonana, kunusana na kugusana pua, lakini mtoto hawezi kukifikia kiwele. Baada ya wiki moja au mbili, wakishatulia na kila mmoja anakula upande wake, mama husogezwa mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Ua huo uwe wa mbao au fito zilizokazwa. Seng'enge haifai hata kidogo, kwa kuwa mwanapunda anayemtaka mama yake hataheshimu miiba, na majeraha yake ni mlango wa pepopunda, ugonjwa ambao hata jina lake limetokana na mnyama huyu.

Njia ya tatu huwafaa wafugaji wenye majike kadhaa, au majirani wanaoweza kushirikiana. Watoto wote na mama zao huwekwa pamoja malishoni kwa wiki kadhaa hadi wazoeane. Kisha mama mmoja huondolewa kimyakimya, kwa kawaida yule ambaye mwanawe ni mkubwa na jasiri zaidi. Baada ya siku kadhaa huondolewa wa pili, na kuendelea. Watoto hubaki mahali wanapopajua, na wenzao wanaowajua. Tafiti kuhusu farasi zimeonyesha kwamba kuwapo kwa mnyama mzima mpole, hata asiye mzazi wao, hupunguza fadhaa. Nyanya mzee asiyebeba tena mizigo huwa bado ana kazi ya kufanya.

Wako pia wanaoiga mbinu za ndama: kupaka kiwele shubiri, pilipili au samadi, au kumfunga mtoto miiba puani ili mama ampige mateke. Mbinu hizi hazifai. Samadi hupeleka uchafu moja kwa moja kwenye chuchu, pilipili huunguza ngozi laini, nayo miiba hujeruhi wote wawili na kumfunza mtoto kwamba kumkaribia mwenzake ni maumivu.

Kwa vyovyote vile, mama na mtoto wasirudishwe pamoja kabla ya maziwa kukauka kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki sita au zaidi. Wakirudishwa mapema, kunyonya huanza upya na machozi yote huwa yamemwagika bure.

HATARI INAYOJIFICHA

Punda husifiwa kwa uvumilivu, na sifa hiyo ndiyo humponza. Haonyeshi maumivu kama farasi. Husimama tu, ameinamisha kichwa, na mwenye haraka hudhani anapumzika.

Punda aliyefadhaika anapoacha kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa ili kupata nguvu. Tofauti na wanyama wengine wengi, punda hushindwa kusitisha kazi hiyo kwa urahisi. Mafuta hujaa katika damu hadi ini na figo zikalemewa. Hali hii, ambayo matabibu huiita haipalipemia, huua wengi wa wanaoipata iwapo haitatibiwa mapema. Majike ndio walio katika hatari kubwa, hasa walionenepa, wenye mimba au wanaonyonyesha. Kichocheo kinaweza kuwa safari, ugonjwa, njaa ya ghafla, au kuondokewa na mwenzake wa karibu. Mama aliyenyang'anywa mtoto hubeba kadhaa ya sababu hizi kwa pamoja.

Kwa hivyo, katika wiki ya kwanza baada ya kuwatenganisha, mfugaji awachunguze wote wawili angalau asubuhi na jioni. Kuzubaa, kuacha chakula, pumzi yenye harufu mbaya, au kinyesi kikavu kilichofunikwa na utelezi ni dalili za hatari. Daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo, bila kungoja kesho. Katika Kaunti ya Lamu, ambako punda ndiye gari katika vichochoro vya mji wa kale, wafugaji wamekuwa na zahanati ya punda tangu 1987. Kwingineko, afisa wa mifugo wa kaunti ndiye wa kwanza kutafutwa.

KIWELE CHA MAMA

Wafugaji wengi wamezoea kumnyima mama chakula na maji ili maziwa yakauke. Kwa punda, ushauri huo ni wa kuua. Maji yasikatwe kamwe. Kinachopunguzwa ni vyakula vya nguvu kama vile pumba za mahindi, na hupunguzwa polepole kuanzia wiki moja kabla ya siku ya kutenganisha. Nyasi kavu aendelee kupewa za kutosha.

Kiwele kitavimba kwa siku chache. Kisikamuliwe, kwa kuwa kila tone linalotolewa huuamrisha mwili kutengeneza jingine. Msukumo wa maziwa yaliyojaa ndio unaoueleza mwili kwamba kazi imekwisha. Lakini kikiwa cha moto, kigumu na chenye maumivu, au mama akichechemea na kupata homa, huenda ameshikwa na ugonjwa wa kiwele na anahitaji dawa kutoka kwa tabibu.

Mfugaji anayetumia njia ya taratibu hupata faida hapa pia: mtoto ambaye amekwisha punguza kunyonya humwacha mama na kiwele ambacho hakijafura.

CHAKULA NA KINGA

Mwanapunda aliyelikizwa anahitaji majani bora kuliko yale yanayomtosha mtu mzima. Mabua matupu ya mahindi hayamfai. Apewe nyasi laini, au nyasi kavu zilizovunwa zingali na ubichi kama vile Boma Rhodes, na zikichanganywa kidogo na majani ya jamii ya kunde kama lusani, ukuaji wake huonekana. Jiwe la chumvi ya kulamba na maji safi viwepo wakati wote. Nafaka nyingi ni hatari kwa tumbo na miguu yake, na kama utafiti uliotajwa unavyodokeza, kwa tabia yake pia. Chakula chochote kipya kianzishwe wiki kadhaa kabla ya kumtenga, wala si siku ileile.

Minyoo ndiyo adui mkubwa wa watoto. Dawa itolewe kwa uzito na kwa ushauri wa tabibu, kwa sababu dozi ndogo hulea minyoo sugu. Chanjo ya pepopunda kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miezi 4 hadi 6, na hurudiwa baada ya wiki chache. Jambo la msingi ni kutorundika mateso: kumtenga, kumchanja, kumhasi na kumhamisha katika wiki moja ni kumtwika mzigo asioumudu. Chanjo na dawa za minyoo zitangulie wiki mbili au tatu.

Dume lisilokusudiwa kuzalisha huhasiwa na tabibu kati ya miezi 6 na 18. Asiyehasiwa atengwe na mama yake na dada zake kabla ya kutimiza mwaka, maana anaweza kuwapanda mapema kuliko wengi wanavyodhani. Jike naye asipandwe kabla ya kutimiza miaka 3.

MWENYE PUNDA MMOJA

Yote haya ni rahisi kuyasema kwa mwenye malisho na majike matano. Je, mama mjane wa Mwea au kijana wa Limuru mwenye punda mmoja na mkokoteni mmoja afanyeje? Akimpumzisha jike miezi sita, watoto wake watakula nini?

Hapa hakuna jibu lisilo na gharama, ila zipo gharama ndogo na kubwa. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba na miezi mitatu ya kwanza ya kunyonyesha ndiyo ya kulindwa kwa kila hali. Wafugaji waliojiunga katika vikundi huweza kuazimana punda kwa zamu, huyu akimpumzisha wake leo na yule kesho. Pasipo kikundi, kazi ipunguzwe: mizigo nusu, safari fupi, na mapumziko ya mara kwa mara ili mtoto anyonye.

Mtoto mchanga afuatane na mama badala ya kufungiwa nyumbani, almuradi njia si barabara kuu ya magari. Asifungwe kwenye mkokoteni, kwa kuwa akijikwaa ataburutwa. Akishapita miezi mitatu anaweza kuzoezwa kubaki na mwenzake kwa saa moja, kisha mbili, akiwa na majani mazuri na maji. Mazoea hayo ni kulikiza kwa taratibu, na yakifika miezi sita utengano wa mwisho hauwi msiba.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumpiga kikatili, kumbebesha kupita kiasi na kumtumikisha mnyama asiyefaa kwa kazi. Jike aliyetoka kuzaa juzi akivuta magunia kumi kupanda mlima hana wakili, lakini hayuko nje ya sheria.

YATIMA

Mara nyingine hakuna cha kuamua: mama amekufa au ameibwa. Kama mtoto ni mchanga wa siku moja, apate dang'a ndani ya saa chache za kwanza, kutoka kwa jike mwingine ikiwezekana, kwani baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kupokea kinga hiyo. Maziwa ya ng'ombe hayalingani na ya punda kwa mafuta wala sukari, na kumpa yalivyo humharisha. Tabibu ndiye wa kuelekeza namna ya kuyachanganya, na mtoto hulishwa kidogo kidogo, mchana na usiku. Mwenzake wa kukaa naye, hata kama ni mbuzi, asikosekane. Yatima anayelelewa na watu pekee hukua bila kujua mipaka, na mchezo wa mtoto wa kilo ishirini huwa shambulio anapofikisha mia.

HESABU YA MWISHO

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumdekeza mnyama, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, na haipingani na ushauri huu. Mwanapunda atalikizwa, na huenda akalia. Swali ni iwapo atalia siku mbili akiwa na wenzake, tumbo limeshiba, au atalia hadi nguvu zimwishie.

Punda asiyeharakishwa huanza kazi nyepesi akiwa na miaka 3 au 4, na akitunzwa anaweza kumfaa mwenyewe kwa miaka 15 au zaidi. Anayemwachisha mwezi wa tatu badala ya wa sita anaokoa miezi mitatu ya kazi ya mama, na kuiweka rehani miaka yote hiyo ya kazi ya mwana. Hakuna mfanyabiashara wa mkokoteni ambaye angekubali mkopo wa masharti kama hayo kama angeandikiwa kwenye karatasi.